Mbona Wimbo Huo Tu?

Kitengela,
3 Februari 2003

Kwako Naisenya,

Takwenya! Salamu yenu ya Kimaasai bado naikumbuka. Habari ya siku nyingi? Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, wewe na watoto na ng'ombe, na mama mkwe wako Yeyo Zipporah pia, goti lake likiwa limepoa. Sisi tuko salama. Mume wangu Mwanzia bado yuko kiwandani Athi River, na Jumapili ni shemasi, kwa hivyo nyumba yangu haina mchezo.

Usishtuke kuona mwandiko wangu baada ya miaka hii yote. Tangu tuache kwaya ya shule pale Kajiado sijapata mtu wa kuimba naye vizuri. Sasa nimeanzisha kitu. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, hapa ukumbi wa soko, naita wanamuziki wa kila aina. Makokha anakuja na ngoma zake za isukuti, kuna Wakongo wa gita, kuna Mhindi mmoja na ngoma zake za tabla, hata Mzungu wa fidla. Watu wamenibandika jina, wananiita Mama Tamasha.

Nataka kikundi chenu cha wamama mje mwezi wa tatu. Muimbe ule wimbo wa kushika nyasi, ule ulionionjesha kidogo tukiwa bwenini. Huo hasa.

Dada yako,
Phylis

Ewuaso Kedong,
23 Februari 2003

Kwa Phylis,

Iko! Nakuitikia hivyo, salamu zako zimefika. Sisi ni wazima, mvua tu ndiyo haionekani. Mwanangu Lemayian ameingia darasa la nne na wadogo zake wanamfuata. Na wewe hujaandika chochote kuhusu watoto, ama umesahau?

Barua niliwasomea wamama tukishona shanga, na nyuso zikabadilika. Hujui yaliyotupata. Hoteli moja ilituita tuimbie wageni. Wakatupiga picha, wakatupa sukari na majani chai, tukarudi nyumbani tukicheka. Mwaka uliofuata Yeyo Zipporah alienda Nairobi kutibiwa goti, akakuta uso wake umening'inizwa dukani kwenye kadi, mdomo wazi, unauzwa. Mpaka leo akiona kamera anajifunika shuka.

Sasa wewe umenyamaza miaka na miaka, halafu unatokea ghafla ukitaka wimbo mmoja. Tuko na nyimbo za harusi, tuko na za kusifu ng'ombe. Mbona huo tu? Nani amekutuma?

Mama Lemayian

Kitengela,
8 Machi 2003

Mpendwa Naisenya,

Hamjambo nyote? Sisi hatujambo, ni vumbi tu linatumaliza.

Pole sana kwa mambo ya Yeyo Zipporah. Hakuna aliyenituma, naapa. Njoo wewe mwenyewe mwisho wa mwezi huu, ukae nyuma uangalie. Usiimbe kitu. Ukiona ubaya, uniambie usoni. Mwanzia ndiye hukaa mlangoni kukata tiketi, mtajie jina lako atakuruhusu uingie.

Ila tafadhali, usimtajie ule wimbo. Yeye ni mtu wa kanisa, mambo ya mila hayapendi.

Dada yako,
Phylis

Ewuaso Kedong,
6 Aprili 2003

Phylis,

Natumaini hamjambo. Nilifika salama, na asante kwa chai ya nyumbani kwako.

Sitadanganya, tamasha lako ni tamu. Makokha alipopiga zile ngoma mabega yangu yalitaka kuondoka bila mimi. Lakini macho yangu yalikuwa kazini. Chini ya meza niliona mashine ya kurekodi, taa yake nyekundu inawaka, na hukuwa umenitajia. Mume wako aliposikia natoka Ewuaso aliniangalia juu mpaka chini akauliza nimekuja kufanya nini. Halafu fundi wa mitambo alimkata yule Mzungu wa fidla katikati ya wimbo, ati dakika zake zimeisha.

Wimbo wetu haukatwi. Ukianza, unaendelea mpaka maziwa yanyunyizwe na baraka zitolewe, hata kama jua litazama. Wanaume hawakaribii. Na ni lazima mwanamke aliyekosa mtoto akae katikati, kwa sababu anaombewa yeye. Bila yeye ni kama kumwita Mungu wetu Enkai, halafu akiuliza unataka nini, unanyamaza.

Wamama wamekataa. Mume wangu Ledama anasema utatoa kaseti uuze. Nilikutetea, lakini si sana.

Mama Lemayian

Kitengela,
19 Aprili 2003

Naisenya wangu,

Habari za huko? Mimi niko hivyo hivyo.

Mashine nitaitoa. Ni ya Makokha, anarekodi kikundi chake. Dakika nitaziondoa pia, siku hiyo muwe peke yenu. Wanaume wote watoke, hata fundi. Mkitaka hata watazamaji watoke, nitafunga ukumbi. Nyasi mbichi nitatafuta mtoni na maziwa nitaleta. Mimi nitasimama tu kando, karibu na ukuta, sitasumbua mtu.

Nakuomba. Na usiniulize tena kwa nini.

Phylis

Ewuaso Kedong,
27 Aprili 2003

Phylis,

Salamu. Sasa ndiyo umeniogopesha kabisa. Tamasha bila watu ni tamasha gani? Unataka kutufungia ndani ya ukumbi ufanye nini? Tulilala kitanda kimoja shuleni, nilidhani nakujua. Niambie ukweli. Usiponijibu nitaamini yale wamama wanasema, na huu utakuwa mwisho.

Naisenya

Ewuaso Kedong,
15 Juni 2003

Takwenya, Phylis,

Sijui kama uko mzima. Hukujibu, na mimi nilikaa nikiwaambia wamama, mnaona, mwizi amekimbia.

Juzi tukikamua, Yeyo Zipporah akaniuliza, huyo rafiki yako ana watoto wangapi? Nikamwambia sijui. Nikakumbuka nilikuuliza kwa barua ukaruka swali. Nikakumbuka nyumba yako, zile glasi umezipanga kwa meza fupi, na hakuna hata moja iliyovunjika. Nikakumbuka jina lako, Mama Tamasha. Phylis, niliona aibu mpaka nikamwaga maziwa.

Wewe ni mjinga sana, nakwambia kwa mapenzi. Umezunguka Kongo, umezunguka India, umeita mpaka Mzungu, ili utufikishe kwa mlango wako, na ulikuwa uniulize tu! Ungeomba siku moja, tungekuja.

Lakini kusimama karibu na ukuta haiwezekani. Wimbo huu hauibwi. Anayeombewa ndiye anayetuita, na anakaa katikati, tunamzunguka tukimtaja jina. Hapo siwezi kukupunguzia, hata nikitaka. Na hatuendi kwa mke wa mtu kwa kujificha. Mwambie Mwanzia kwa mdomo wako mwenyewe. Akikataa, hatuji, na mimi nitalia lakini sitakuja.

Yeyo Zipporah anasema akija hatajifunika.

Mwenzako,
Naisenya

Kitengela,
28 Juni 2003

Naisenya, dada yangu,

Iko. Iko, Yeyo Zipporah. Iko, wamama wote.

Niliogopa kukujibu. Mama yake Mwanzia ameanza kuulizia nyumba za watu wenye binti, na kila Mwanzia akienda kwao Machakos huwa nangoja arudi na maneno. Nilidhani akisikia mila za Wamaasai, atapata sababu ya kuniacha. Ndiyo maana nilitaka kupitia nyuma ya muziki.

Nilimwambia Jumapili akitoka kanisani, koti la ushemasi bado mwilini. Nilisema yote, hata uongo wangu. Akasimama akatoka nje. Nilijua ameenda kwa pasta. Nikaketi nikaanza kufikiria nguo zangu zitaingia kwa sanduku gani.

Alirudi amebeba kile kigoda cha marehemu babake, kilichokuwa stoo. Akakiweka chini, akatafuta kitambaa, akaanza kukipangusa vumbi mguu kwa mguu. Ndipo akaniuliza, "Katikati hapo, watakukalisha juu ya nini?" Akaniambia hata yeye amechoka kuomba peke yake.

Nikamwambia wanaume hawaruhusiwi. Akasema anajua, atakaa mlangoni kama kawaida, na siku hiyo hataruhusu mtu aingie.

Kwa hivyo nawaita. Mimi, Phylis, ninawaita. Njooni.

Dada yako,
Phylis