Watoto Waliodaiwa Kuwa wa Kubuni

Ndugu yangu Ogola,

Nakuandikia nikiwa kwenye meza yangu pale pale zahanatini, nami nina furaha. Utashangaa, kwa kuwa uliniita Bwana Sahihi na kudai kwamba sicheki mpaka nipewe kibali.

Baada ya kukuzika, daktari mgeni aliagiza madaftari yako ya nyumba kwa nyumba, ya miaka yote uliyotembea ukiandika watoto, yalinganishwe na kadi za zahanati. Alitaka kujua kama mtoto uliyemkuta mzima aliugua baadaye, na kama alipona. Kazi hiyo nikapewa mimi.

Majina ya watoto wenye afya yalioana vizuri. Lakini wale waliougua sana, hasa surua, walikuwa na kadi na hawakuwamo katika madaftari yako. Na watoto wengi waliomo katika madaftari yako hawakuwa na kadi. Daktari akaguna: "Karani wako alikaa kivulini akabuni watoto." Akataka madaftari yatupwe.

Ogola, wewe kukaa kivulini! Nakumbuka ulivyorudi kutoka Nyatike umeloa chepechepe, viatu mkononi, na daftari kavu kabisa ndani ya shati.

Nikapanda baiskeli hadi kwa nyanya wa Achieng, nje kidogo ya Homa Bay. Achieng yumo daftarini mwako, na kadi hana. Nikauliza kwa heshima alifariki lini.

"Amefariki? Si yule pale anafukuza kuku! Jina lile alilikataa. Aliugua, akalia siku tatu, tukamwita kwa jina la marehemu mama yangu, akanyamaza. Kwani wewe, bwana, ulizaliwa wapi?"

Nilizaliwa papa hapa, ndugu yangu, na mimi mwenyewe nilibadilishwa jina nilipougua utotoni. Desturi hiyo naijua. Sikuwahi tu kuiingiza ofisini. Basi wagonjwa ndio hasa waliopotea, kwa kuwa wagonjwa ndio hupewa majina mapya. Nawe uliliona mapema. Ulitaka kuandika jina la pili pembeni, nami nikakufokea: "Daftari si ukuta wa kuchorachora!" Kosa lilikuwa langu. Nisamehe.

Nimezunguka kwa akina nyanya, nikilinganisha jina la mama, boma na jina jipya. Wananicheka sana, na chai yao ni tamu. Jana daktari alipitia karatasi zangu, akavua miwani, akasema, "Nilimkosea mtu huyu." Madaftari yako yatabaki, na kila ukurasa sasa una safu ya jina jipya. Nimezichora mwenyewe kwa rula.

Zimebaki nyumba za upande wa Macalder. Naahidi kuzifikia zote, hata kwa miguu, na sitaandika kwamba mtoto yeyote hayupo kabla sijamwuliza nyanya yake.

Pumzika, ndugu yangu. Watoto uliowaandika wapo, na wanakimbia.