Mkono Wako wa Kushoto na Karatasi Yao ya Alama

Wairimu rafiki yangu,

Nimekasirika, na wewe ndiye mtu pekee niliyezoea kumletea hasira zangu, kwa hivyo vumilia. Tangu lori ligonge gari lako pale Gilgil ukienda Nairobi kurudia mtihani wa upasuaji, watu wananiambia kifo chako ni mipango ya Mungu. Mimi simsingizii Mungu. Ulikuwa barabarani kwa sababu ya kamati ya mtihani.

Unakumbuka walivyokuangusha? Kipande cha sponji kimebandikwa mezani, mtahini ana saa na karatasi ya alama, na karatasi inasema koleo la sindano lishikwe kwa mkono wa kulia. Wewe ni shoto. Mshono ulinyooka, fundo likakaza, alama hukupata. Mara ya pili ukajilazimisha kutumia wa kulia, sindano ikakudondoka. Ulirudi Nakuru ukicheka. "Shosho alinichapa huu mkono Dundori nisipee wageni chai nao, na haukuacha. Sasa utaacha juu ya sponji?" Nilicheka pia, nikimwazia bibi yako na fimbo yake. Leo sioni cha kuchekesha.

Yule jamaa wa kiwanda cha mbao kule Elburgon, aliyekatwa kano za vidole na msumeno, ni wewe uliyeziunga, kwa mkono huo huo. Nilikutana naye sokoni juzi. Alinisalimia kwa kunibana vidole mpaka nikaumia. "Daktari, yule mwenzako wa kushoto ako wapi? Mwambie nimerudi job." Sikuweza kumwambia. Nilisema nitakufikishia salamu, basi zipokee, sina njia nyingine.

Sasa sikia uchungu wenyewe. Kamati imenichagua niwe mtahini, halafu ikaniomba niandike ripoti ya kuonyesha kuwa mtihani wetu una utafiti nyuma yake. Nikasoma kila nilichopata. Ni tafiti ndogo ndogo, nyingi za ng'ambo, za wanafunzi wachache wa chuo kimoja, zinazouliza kama watahini wawili wanakubaliana. Wanakubaliana, kweli. Watu wawili wanaweza kukubaliana vizuri sana juu ya upuuzi. Sikupata hata mmoja uliomfuata mgonjwa nyumbani kuona kama aliyefaulu anashona binadamu vizuri kuliko aliyeanguka. Na kuhusu mkono wa kulia, hakuna kitu kabisa! Nikamuuliza mwenyekiti sharti hilo lilitoka wapi. "Hiyo tuliikuta, daktari," akasema. "Hata sisi tulifanyiwa hivyo hivyo."

Tuliikuta! Mtu akileta dawa mpya wodini tunamuuliza ushahidi uko wapi, na ukiwa hafifu tunamrudisha na dawa yake. Lakini kitu cha kuamua nani atapasua watu, hicho tulikikuta. Nilipowaambia hivyo wakanigeukia: eti mimi nina ushahidi gani kuwa mtihani ni mbaya? Nyani haoni kundule. Nilitoka nikaubamiza mlango, na mimi si mtu wa kubamiza milango, unanijua.

Hata wewe nakukasirikia. Kwa nini hukukataa kwenda tena? Ungebaki tu hapa, ukaendelea kushona watu... Hapana. Nisamehe. Ulitaka tu kuitwa kile ambacho tayari ulikuwa.

Wameniambia nisipoandika wanavyotaka, nisahau kuwa mtahini. Nimefikiria sana, maana mwaka huu kuna msichana mwingine shoto, nimemwona wodini, na nikiwa ndani ningeweza kumpa alama zake kimyakimya. Lakini nikimfichia yeye, wa mwakani atafichiwa na nani? Kwa hivyo nimeandika ukweli: ushahidi hatuna, na huo mstari wa mkono wa kulia hauna baba wala mama.

Kwaheri, rafiki yangu, pumzika. Ijumaa naisoma ripoti mbele yao wote. Nakuahidi nitaanza na jina lako, na sitakaa chini mpaka waufute mstari huo nikiangalia.

Njoroge