Okok wa Ukumbini

Kisumu,
Jumapili, baada ya kanisa

Ndugu yangu Frankline,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Joto la Doha limekuachaje? Sisi tunaamka, tunakula, tunamshukuru Mungu. Najua utashangaa kupata barua na simu ipo, lakini siku hizi Baba anakaa kwangu, na kila nikikupigia huwa ameketi karibu, na haya sitaki ayasikie. Byron anarudi kazini huko wiki hii, nimemwomba akukabidhi mkononi.

Ile kazi niliyokudokezea niliipata. Hospitali mpya ya misheni, huku upande wa Otonglo, ilitaka taa kubwa ya sanaa ya kuning'inia kwenye ukumbi ambamo wagonjwa wanamngoja daktari. Kamati ilitaka samaki. Niliwaambia mtu anayeumwa hana raha kukaa chini ya samaki aliyetundikwa, nikawachorea okok, wale ndege weupe wa mashamba yetu ya Ahero, wakiruka kundi zima kutoka kwenye mpunga. Mwenyekiti, Mama Beldina, aliutazama mchoro, akasema niendelee.

Wasike, fundi wa kuchomelea pale Kibuye, alinikunjia mifupa ya waya, nami nikaivika karatasi iliyotengenezwa kwa magugu ya ziwani. Tulipowajaribu mara ya kwanza tuliharibu. Balbu zilikuwa juu ya ndege, vivuli vikawa vinatambaa sakafuni kama wadudu, na mama mmoja mgonjwa akahamia benchi la nje. Nikawashusha wote. Nikaziingiza balbu tumboni mwa ndege, mwanga upite kwenye karatasi na kutoka laini, usimchome mtu macho hata akiwa amelala chali.

Baba sikumwambia natengeneza nini. Nilitaka aone mwenyewe.

Siku ya kufungua nilimleta kutoka Ahero. Alivaa lile koti alilomzikia Mama. Tangu mafuriko yale yaliyotuvamia Ahero amekuwa akinishika mkono tukitembea, nami nikadhani ni magoti. Taa zilipowaka watu walipiga makofi, na Mama Beldina akafuta machozi. Baba naye aliinua uso, akatabasamu, akapiga makofi. Mwanga ulikuwa umemjaa usoni. Kelele zilipotulia aliniinamia akaniuliza polepole, "Aoko, umewatengenezea nini?"

Frankline, Baba haoni.

Nilimpeleka kwa daktari wa macho palepale. Ni presha ya macho. Jicho moja lilikufa zamani, na la pili linatambua tu mlango ukiwa wazi. Daktari alisema kilichopotea hakirudi. Baba hakushtuka, kwa maana alikuwa anajua. Alianza kuona giza pembeni ulipokuwa unajiandaa kusafiri, akanyamaza. Aliniambia, "Akisikia atavunja mkataba, aje akae hapa kunishika mkono kwenda chooni. Usimwambie." Nilimwahidi. Leo nimeivunja ahadi hiyo, na moyo unaniuma, lakini wewe pia ni mtoto wake. Sikuambii urudi, wala sikukatazi.

Tulipotoka kwa daktari hakutaka kwenda nyumbani. Aliomba turudi ukumbini. Tukakaa kwenye benchi, nikamweleza ndege mmoja baada ya mwingine: nani ametangulia, nani amekunja shingo, nani bado miguu yake imegusa mpunga. Aliniuliza kama mpunga wenyewe umeiva. Nilimwambia umeiva. Wagonjwa waliitwa, wakaingia, wengine wakaja, na sisi bado tumekaa.

Wasike anakusalimu, na majirani wote wa Ahero. Nisalimie wenzako mnaokaa chumba kimoja, na uwe unakula vizuri.

Ukipiga simu, Baba atakusimulia taa hizo kana kwamba aliziona. Usimkatize. Muulize zina rangi gani, umwache akuambie.

Ni mimi dada yako,
Aoko