Harusi Isiyo na Wimbo

Hamarsvík,
Visiwa vya Faroe.
Jumapili, 16 Septemba 2018

Mpendwa Mjomba Hjalgrím,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umesharudi nchi kavu, mzima wa mwili, na bega lile lililoteguka kwenye nyavu limepona. Bi Lone hajambo? Mikkel na Agnes je, bado wanagombania kiti cha dirishani? Sisi huku tunapumua. Mama mgongo unamsumbua akisimama sana kiwandani, ila hasemi. Tunajua tu kwa namna anavyokaa. Babu ni mzima. Nasema mzima kwa maana ya kula, kulala na kupanda mlimani kuangalia kondoo. Mengine nitakueleza.

Mvua haijakatika tangu mwisho wa Agosti. Nyasi tulizokata zimelowa zikageuka nyeusi, na viazi tunavichimba haraka haraka kabla havijaoza vyote. Jua tunalisikia kwenye taarifa ya hali ya hewa.

Uliniambia niwe nakuandikia kwa kirefu kwa kuwa kwenye simu mimi ni bubu. Ni kweli, Mjomba. Kwenye simu nasikia pumzi zangu mwenyewe, nasahau nilichotaka kusema. Kwenye karatasi angalau hakuna anayenitazama.

Basi, harusi. Najua ulikuwa baharini na hukuweza kuja. Na najua mdogo wako, Mama Mdogo Turið, amekwambia ilikwenda vizuri, maana ndivyo alivyowaambia watu wote. Haikwenda vizuri.

Nianzie mbali kidogo. Mwezi wa nane shule ilipofunguliwa, mwalimu wetu wa Kidenmaki alituletea mjadala: je, ni haki serikali iruhusu watu wa jinsia moja kuoana, halafu kanisa liachwe lifunge mlango wake? Alitukumbusha kwamba sheria yetu imepita juzi juzi tu, na kwamba bunge lile lile lililowafungulia ukumbi wa halmashauri ndilo lililosema kanisa halitaguswa. Huko kwenu Denmark, akasema, kanisa lenyewe huwafungisha ndoa. Kabla hajamaliza, Bárður wa darasani kwetu akageuka na kiti chake.

"Muulizeni Sólrun! Kwao kuna harusi ya mabibi harusi wawili. Eti Sólrun, keki itakuwa moja au kila mtu na yake?"

"Wewe mwenyewe hata mmoja hujampata," msichana mmoja akamjibu, na darasa zima likaangua kicheko.

Nikacheka na mimi. Uso ulikuwa unaniwaka moto, lakini nilicheka. Mwalimu alinipa nafasi ya kusema nikatikisa kichwa. Nilikuwa na la kusema, Mjomba. Nilitaka kusema kwamba vitabuni ukuta kati ya serikali na kanisa unachorwa kama ukuta wa mawe, huku wale na huku hawa. Lakini Hamarsvík tuko watu wangapi? Meya Rói anayefungisha ndoa Jumamosi ndiye anayekaa benchi la tatu Jumapili. Kwetu ukuta huo unapita katikati ya mtu. Katikati ya Babu umepita kabisa.

Unamjua baba yako. Mchungaji ana vijiji vitano, kwetu anafika mara moja kwa mwezi, na Jumapili nyingine zote Babu ndiye husoma mahubiri na kuanzisha nyimbo. Kinanda hatuna. Pale kanisani hakuna anayefungua kinywa mpaka sauti ya Babu itangulie, nasi tunaifuata. Ndivyo ilivyokuwa tangu wewe mdogo, na Mama Mdogo Turið ndiye aliyekuwa wa kwanza kuifuata, kutoka benchi lile lile la dirishani. Hata alipoanza kuishi na Birita hakukosa Jumapili hata moja, na Birita akaja naye. Watu walinong'ona wakachoka. Babu hakusema neno. Nilidhani kunyamaza kwake ni kukubali.

Wiki mbili kabla ya harusi Mama Mdogo alikuja nyumbani. Mimi nilikuwa kwenye sinki namenya viazi, na mtu akinyamaza kama mimi, watu humsahau kama yupo.

"Baba, sikuombi unifungishe ndoa," alisema. "Hiyo kazi ya Rói. Nakuomba uje tu."

"Nikija, nakuja kama nani? Yule anayesimama mbele kanisani nimwache wapi?"

"Mwache mlangoni na viatu."

Nilisikia Babu anakaribia kucheka. Kweli, Mjomba, nilisikia. Kisha akajikaza. "Turið, sheria imewapa ninyi ukumbi. Kanisa imetuachia sisi. Sijaja ukumbini kuwazuia, msije kanisani kunilazimisha."

"Na hapa jikoni je? Hapa ni pa nani?"

Babu aliinuka. Alichukua kofia akaenda kwa kondoo. Mama Mdogo akakaa na mimi, akachukua kisu akanisaidia kumenya, na hakulia. Alisema tu, "Atakuja. Ananipenda." Nikasema, "Atakuja."

Na kwa nini tusiamini? Ijumaa, siku moja kabla, nilimkuta Babu ameketi na vazi lake la jadi mapajani, anasugua vifungo vya fedha kwa kitambaa, kimoja kimoja. Nilikimbia kumwambia Mama. Mama akakaa chini, akafunika mdomo kwa mkono. Jumamosi asubuhi Babu alishuka amevaa kila kitu: kizibao, suruali ya magoti, soksi ndefu alizofumiwa na marehemu Bibi, na viatu vyenye bizimu. Alikuwa amenyoa. Akanywa kahawa. Mama akamwambia, "Baba, gari linasubiri." Akaendelea kukaa. Mama akarudia. Babu akaitazama meza.

"Nendeni," akasema. "Mtachelewa."

Tukaenda.

Nyumba nyingi zilipandisha bendera kama ilivyo desturi siku ya harusi, mbili tatu zikaacha nguzo tupu. Ukumbini walikuja watu kama arobaini. Jirani yetu Bi Armgarð alikuwapo mbele kabisa na kofia yake. "Mimi harusi siikosi, hata ya paka," alimwambia Birita mlangoni, na Birita akacheka mpaka machozi yakamtoka, nadhani kwa woga. Mama Mdogo alivaa vazi la jadi na mkufu wa fedha wa Bibi. Alipokuwa anaingia alitazama viti vyote kwa haraka, kisha akatazama mbele, hakugeuka tena.

Meya Rói alisoma maneno ya sheria. Ni machache mno, Mjomba, hata kahawa haiwezi kuchemka. Wakasema ndiyo, wakavishana pete, Rói akasema sasa ni wanandoa mbele ya sheria. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo sijui kama lingeweza kutokea mahali pengine. Bi Armgarð akasimama. Nyuma yake wazee wote wakasimama, kisha sisi sote. Ni mazoea tu. Hakuna aliyewahi kuona watu wa kwetu wakioana bila wimbo kufuata. Tulisimama mikono mbele, tukasubiri sauti ya kutangulia. Haikuja. Rói aligeuza karatasi zake kana kwamba wimbo ungekuwa umeandikwa upande wa pili.

"Haya, wimbo!" Bi Armgarð akasema. Alisema kwa nia njema kabisa. Halafu akakumbuka mwanzishaji ni nani, nikaona shingo yake inakuwa nyekundu.

Ni wimbo ule wa Kidenmaki cha kale ninaoujua tangu sijajua kusoma. Nilifungua kinywa, Mjomba. Ulimi ulikuwa kama wa mtu mwingine. Watu wazima arobaini, wengine wamezunguka bahari zote za dunia, hakuna aliyethubutu, kwa sababu kuanzisha ni kazi ya Babu na Babu hayupo. Mwishowe Rói akakohoa akasema kahawa ipo tayari. Tukakaa. Viti vikapiga kelele. Mama Mdogo alikuwa bado amesimama na mkono wa Birita mkononi, anatabasamu vile mtu anavyotabasamu akiwa amekanyagwa mguu.

Chakula kilikuwa kizuri: nyama ya kondoo iliyokaushwa kwa upepo, mkate, keki za jamu ya mabua machachu ya rubabu. Nilikula bila kusikia ladha.

Tuliporudi Babu alikuwa pale pale mezani, amevaa vile vile. Kahawa ilikuwa imepoa, kwenye kikombe imefanya utando. Mama alipita bila kumsalimia, jambo ambalo sijaliona maishani mwangu. Mimi nilibaki navua viatu.

"Nani aliuanzisha?" Babu akaniuliza.

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa kwamba siku nzima alikuwa amekaa pale akiamini kwamba sisi tunaimba.

"Hakuna, Babu."

"Hakuna?"

"Tulisimama. Hakuna aliyeanzisha."

Alianza kufungua vifungo vya kizibao. Kile cha juu kikamshinda. Nikaenda nikamfungulia. 

Kesho yake Jumapili alisimama mbele kama kawaida akaanzisha. Benchi la dirishani lilikuwa tupu. Ile sauti ya kwanza iliyokuwa ikimfuata haikuwapo, na sisi wengine tukachelewa kuingia, kwa hiyo kwa muda Babu aliimba peke yake. Sijawahi kuisikia sauti yake hivyo. Ni ya mzee.

Jumatano Mama Mdogo alikuja kuniambia wanahama. Birita amepata kazi ya uuguzi huko huko mjini kwenu, na Mama Mdogo anasema mwalimu wa chekechea kama yeye hakosi kazi. Watapanda meli mwisho wa mwezi. Nadhani atakupigia mwenyewe, lakini nakuomba, Mjomba, uwe bandarini. Ukienda, usimwambie kwamba Babu anamsalimu, maana hajamsalimu, na yeye atajua unadanganya.

Sasa nikwambie lililonifanya nikae na barua hii siku nne. Nimeifuta mara nyingi. Mimi ni kama Mama Mdogo. Sijui niliandike vipi kwa uzuri, basi naliandika hivyo. Sina mtu, usiwe na wasiwasi, hakuna kilichotokea. Kuna mtu ninayemfikiria tu, na yeye hajui. Lakini nimejijua. Siku ile ukumbini nilipokuwa naangalia mlango kama Babu ataingia, sikuwa namwangalizia Mama Mdogo peke yake. Nilitaka nijue mlango wangu utakuwaje. Sheria ninayo, najua. Mwalimu ametusomesha vizuri. Hakuna atakayeweza kunizuia mbele ya Rói. Lakini sheria haina sauti ya kuniimbia, na mimi nataka sauti ya Babu. Sitaki ya mwingine.

Babu hajui. Mama naye hajui. Mama Mdogo nilitaka kumwambia ile Jumatano, lakini alikuwa amekuja na nguo ambazo watoto wake wa chekechea walimwachia kama kumbukumbu, anazikunja, nikashindwa.

Jana tulikuwa shambani, mimi na Babu, tunachimba viazi kwenye mvua.  Kimya cha Babu nimekizoea, mimi nimekirithi.

"Mama yako mdogo anaondoka," akasema.

"Ndiyo, Babu."

Akafuta udongo kwenye kiazi kwa kidole gumba, akakigeuza, akakitia ndooni. Kisha akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu harusi nikamwona anatabasamu.

"Wewe usihuzunike. Siku yako ikifika, mjukuu wangu, nitasimama pale mbele kanisani nikuanzishie mimi mwenyewe. Nitaimba mpaka madirisha yatetemeke. Hilo nakuahidi."

Alikuwa na furaha, Mjomba. Alikuwa ananipa kitu kikubwa kuliko vyote alivyo navyo.

Nikamwambia, "Asante, Babu," nikainama nikaendelea kuchimba.

Nisalimie Bi Lone, Mikkel na Agnes. Mama anakusalimu sana, na Bi Armgarð anauliza kama bado unapenda keki zake. Usinipigie simu kuhusu haya. Niandikie, na kwenye bahasha uandike jina langu peke yake. Mungu, yule wa ukumbini na wa kanisani pia, akulinde kila nyavu zinaposhuka na kila zinapopanda.

Mpwa wako akupendaye na kukuamini,

Sólrun