Jina Nisiloweza Kulitaja Barazani

Baba,

Shikamoo. Ulipokuwa hai uliniitikia ukiangalia ukuta, mimi nikiangalia miguu yangu, halafu kila mmoja akashika njia yake. Ndivyo inavyotakiwa kwetu, mkamwana na baba mkwe wasizoeane. Kwa hiyo leo ndiyo mara ya kwanza nazungumza nawe moja kwa moja, na imebidi kwanza ufe. Inaniuma sana hiyo. Tumefanya kazi moja ya ukalimani miaka yote ile, wewe umesimama karibu na kizimba cha mahakama ya mwanzo, mimi benchi la nyuma nikikusikiliza unavyokitoa Kigogo na kukiingiza kwenye Kiswahili, na hatujawahi kukaa tukaongea kama watu.

Mama hajambo. Bado tunakaa naye humu nyumbani mwako. Bado anasonga ugali wa uwele mwingi kupita kiasi, anasema mkono wake haujui kupunguza. Juzi nilimkumbusha zile safari zake za jikoni na sebuleni, akacheka hadi akakaa chini. Maana mimi nilikuwa nakoroga mlenda, yeye anaingia: "Baba yako anasema leo ulimkimbiza yule mzee, mwache mtu amalize." Nami nikiwa na swali, analibeba hadi kwako, anarudi na jibu: "Anasema mtu akilia, usubiri. Kilio hakitafsiriwi." Masikini Mama! Alikuwa mkalimani wa wakalimani wawili, na hakuna aliyempa hata posho.

Baba, nimechoka. Sikuwa na mtu wa kumwambia hilo kwa namna ambayo angelielewa. Mwanao ananiambia nipumzike, kama vile uchovu wenyewe uko miguuni.

Tangu ulipoondoka mambo yamebadilika. Baada ya biashara kuachiwa huru, kila kipande cha ardhi kimepata wenyewe watatu. Mashamba ambayo zamani hata mbuzi waliyadharau, leo watu wanayataka wapande zabibu au wajenge. Kesi zimekuwa nyingi, zimetengewa baraza lake la ardhi, na mimi nimehamishiwa huko. Siku nzima ni mipaka, fidia, urithi, nani alifyeka, nani alipanda. Nikirudi nyumbani nasikia sauti za watu wengine kinywani mwangu.

Wakatupeleka semina. Mkufunzi alikuwa mama mmoja wa Dar es Salaam, mkali lakini anajua anachokifanya. Alitufundisha kwamba shahidi akisema "mimi," nasi tuseme "mimi," tuache ile ya "anasema kwamba." Tusiongeze, tusipunguze. Kama kuna jambo la mila ambalo baraza halitalielewa, tusilichomeke kimyakimya ndani ya maneno ya shahidi, tuombe ruhusa tuseme waziwazi kuwa sasa anayezungumza ni mkalimani. Nilikaa pale nikakufikiria. Wewe ulikuwa unachomeka, Baba. Mama fulani akishindwa kumtaja mkwe wake, ulimtajia wewe, basi, kesi ikaendelea. Ulikuwa unawafahamu wote na koo zao. Lakini mimi siwafahamu wote, na nisiyemfahamu nikimwekea neno mdomoni, nitakuwa nimemwibia.

Haikupita muda, likaja shauri la Bibi Nyemo. Mjane, mtu mzima sana, ametoka kijiji kimoja cha ndani, barabara ya Kondoa. Shemeji yake anataka kuliuza shamba analolilima. Bibi anasema shamba alipewa na baba mkwe wake alipoolewa. Mwenyekiti wa baraza letu ni mtu wa Kanda ya Ziwa, hana ubaya, ila hajakaa sana huku. Akamwuliza ni nani hasa aliyempa. Bibi akajibu kwa heshima, "Mwenye mji." Mwenyekiti akataka jina. Bibi akavuta kanga akafunika mdomo. "Simtaji," akasema kwa Kigogo, nami nikasema kwa Kiswahili, "Simtaji." Akaulizwa tena, akarudia lilelile. Mwenyekiti akaandika, kisha akatusomea: shahidi hamjui aliyempa shamba.

Shemeji mtu akatabasamu. Bibi hakuelewa kilichosomwa, alikuwa ananiangalia tu, anasubiri nimpe kwa Kigogo. Nikampa. Loo, Baba, ungeuona uso wake!

Shamba lilikuwa linaondoka pale pale kwa sababu mtu ana adabu. Nikanyoosha mkono. "Mheshimiwa Mwenyekiti, mkalimani anaomba ruhusa kuzungumza kwa nafsi yake." Akaniruhusu. Nikaeleza kwamba huku kwetu mwanamke hamtaji baba mkwe wake kwa jina, awe hai awe amekufa, na kwamba kutomtaja si kutomjua.

Akaniuliza, "Nitajuaje kwamba humsaidii shahidi? Wewe umeolewa?"

"Nimeolewa, Mheshimiwa."

"Haya. Mtaje baba mkwe wako."

Baba, nilisimama pale. Jina lako nalijua, nimelisikia likiitwa mahakamani mara ngapi sijui, nimeliona juu ya msalaba wako. Ningelitaja nani angenifanya nini? Uko chini ya udongo. Nilifungua mdomo, nakuapia, nilijaribu kweli, kwa sababu niliogopa kupoteza kazi. Halikutoka. Machozi ndiyo yalitoka. Sikuwa nimekulilia tangu msiba, shughuli zilikuwa nyingi, kuna wageni wa kupikia. Nikakulilia barazani, mbele ya watu waliokuja kugombea mipaka.

Mwenyekiti akaweka kalamu chini. Akamgeukia yule shemeji: "Huyu shemeji yako, umewahi kumsikia akimtaja baba yako?" Yule bwana naye ana wakamwana nyumbani. Tabasamu lilikuwa limeisha. Akainamisha kichwa, akasema, "Hawezi, Mheshimiwa." Mwenyekiti akaufuta ule mstari, akaandika upya kwamba shahidi anamjua ila mila inamzuia kumtaja.

Halafu akaniambia kwa upole, "Mkalimani, umeshageuka shahidi. Shauri hili huwezi kuendelea nalo." Na ni kweli, hata kwenye semina walitufundisha hivyo. Nikachukua mkoba wangu nikatoka. Bibi Nyemo akanifuata kwa macho hadi mlangoni, kama mtu anayeachwa ugenini. Alipotoka nje baadaye alinishika mkono, akitaka nimweleze. Sikuruhusiwa. Nikamwamkia tu, "Mbukwenyi," nikaondoka, na siku hiyo nikaamua naacha kazi. Nilimwambia Mama tukiwa jikoni. Akatazama kule sebuleni ulikokuwa ukikaa, kama anataka kwenda kukuuliza.

Shauri limeamuliwa wiki iliyopita, akitafsiri mwenzangu. Bibi amebaki na shamba lake. Sikufurahi kwa kelele, nilikaa tu kwenye kiti nikavua viatu.

Sijaacha kazi. Mwenyekiti amenipendekeza nikafundishe wakalimani wapya kwenye semina ijayo, niwaeleze namna ya kuomba ruhusa ya kusema, na namna ya kutoka ukishasema. Nguvu sijui nitazitoa wapi. Lakini nitakwenda, maana akija Bibi mwingine akakuta mkalimani asiyejua kunyoosha mkono, itakuwaje?

Wataniuliza mimi nilifundishwa na nani. Wapya huuliza hivyo. Nimeshaongea na mwanao, amekubali kuomba ruhusa kazini siku hiyo. Nakuahidi, Baba, atasimama mbele ya darasa zima na atalitaja jina lako kwa sauti, lako na la ukoo wako, wote waandike. Mimi nitakuwa pembeni nimeinamisha kichwa.

Lala salama. Mama anakusalimu. Safari hii nimeleta salamu zake mimi mwenyewe.

Mkamwana wako