Alama Ni Yake

Jumatatu, 4 Machi

Nimeoga mara mbili. Harufu ya nywele zilizoungua haijanitoka puani.

Mshonaji ameuawa dukani kwake, nyuma ya soko. Kwa pasi yake mwenyewe — ya mkaa, nzito, ikiwa moto. Pigo la kwanza lilimkuta amesimama. Damu imeruka ukutani usawa wa kichwa. Yaliyofuata alipigwa akiwa chini, na aliyempiga hakuwa na haraka. Upande wa kushoto wa uso haupo. Wa kulia umebaki, na shavuni kuna umbo la ncha ya pasi, limekaa sawasawa kama kwenye kitambaa.

Majirani walishapiga deki kabla hatujafika. Na pasi wameifuta. "Tulitaka kumsitiri, mwanangu, asikutwe vile," mama mmoja aliniambia, ndoo mkononi, maji mekundu. Wema wao umemfaa muuaji kuliko glavu.

Mzee Brashi alichukua mlango na dirisha. Ndiye aliyenifundisha kazi hii ya kunyanyua alama za vidole. Jina hilo amelipata kwa ile brashi ya unga isiyotoka mfuko wa shati. Mimi nikachukua cherehani na meza. Nilipaka unga kila mahali mkono unapoweza kugusa. Michirizi ya tambara tu. Kote, tambara.

Jumatano, 6 Machi

Wamemkamata shemeji wa marehemu. Mkewe, yaani mdogo wa marehemu, alimkimbia na mkono uliovunjika akajificha kwa dada yake. Siku ya mauaji alikuwa hospitali kufungwa plasta. Anasema mume alimpigia simu kabla yeye hajajua lolote: Dada yako hashoni tena. Mume anakana. Alipiga kumsalimia tu. Na dukani pale hajawahi kukanyaga.

Mimi ndiye niliyemchukua alama za vidole. Unamshika mtu mkono, unaviringisha kidole kimoja kimoja kwenye wino, kisha kwenye kadi. Mkono wake mkavu, wa moto. Vifundo vina makovu ya zamani. Akasema taratibu, kama mtu anayezungumzia mvua: "Unanishika vizuri kuliko mke wangu."

Nikahamia kidole kingine.

"Mkono huu haujaua mtu, dada. Unafundisha adabu tu."

Nilinawa mpaka ngozi ikawasha.

Ijumaa, 8 Machi

Wanampiga. Chumba cha mahojiano kiko chini ya maabara yetu, na sakafu haifichi kitu. Kwanza matusi, halafu kishindo cha mpira wa bomba, halafu sauti ya mtu anayetafuta hewa. Hakiri. Mpelelezi wa kesi alipanda kuomba chai, shati limelowa jasho. Anasema huyu ni jiwe, na wiki ijayo wasipokuwa na ushahidi watamwachia.

Nilisikiliza na nikafurahi. Kila kishindo nilikiona kikitua kwenye ile mikono. Naandika hapa kwa kuwa pengine popote nisingethubutu.

Jumatatu, 11 Machi

Tumempata!

Mzee Brashi alirudi dukani peke yake leo asubuhi kutumia mwanga wa jua la mapema, na kwenye fremu ya dirisha akapata alama moja. Moja tu, lakini safi. Ameinyanyua kwa utepe wa gundi, ameibandika kwenye kadi, ameniletea. Kidole cha kati, mkono wa kulia. Niliilinganisha na kadi niliyomchukua mwenyewe, mstari kwa mstari. Ni yake. Hakuna shaka hata chembe.

Mpelelezi akamwambia Mzee, wewe ni mchawi. Mzee akafuta miwani yake: "Mchawi ana tunguri. Mimi nina brashi."

Tulicheka wote. Shemeji muuaji amefunguliwa shtaka la mauaji. Nimekula vizuri leo, mara ya kwanza tangu wiki iliyopita.

Jumanne, 12 Machi

Nilikuwa natengeneza picha kubwa ya alama kwa ajili ya jalada la mahakama. Kwenye picha kubwa unaona na vitu ambavyo hukuvitafuta. Utepe haunyanyui alama peke yake. Unanyanyua na kila kilichokuwa jirani yake.

Hakuna nyuzi za mbao. Hakuna nyufa za rangi. Nyuma ya alama ni laini tupu, na juu yake kidogo kuna mstari uliopinda. Juu ya huo mstari, hafifu sana, mikunjo midogo midogo imesimama pamoja. Niliitazama mpaka chai ikapoa.

Ni mdomo. Mdomo wa chini wa mtu.

Nani anabusu fremu ya dirisha?

Jumatano, 13 Machi

Nimekwenda dukani. Fremu ni ya mbao, rangi imebanduka kama magamba. Pale hainyanyuki alama safi, hata ungemleta malaika akashike.

Mdogo wa marehemu alikuwa ndani, anasugua ukuta kwa mkono mmoja, wa pili kwenye plasta. Damu ya dada yake imeingia kwenye chokaa, haitoki. Akanikaribisha kiti, akaniuliza kama ni kweli wamepata alama ya kidole cha mume wake. Nikasema ni kweli. Akalia bila sauti, kama mtu aliyezoea kulia huku kuna mtu nyuma ya ukuta.

Akanionyesha alipovunjwa. Aliuweka mkono wangu kwenye ukingo wa mlango ili nielewe — mkono hapa, mlango pale, na yeye anaufunga polepole. "Akitoka, dada, mimi sina pa kwenda. Hapa palikuwa ndio mwisho."

Nilirudi kwa miguu. Nilitembea mpaka viatu vikanichubua.

Alhamisi, 14 Machi

Nilimfungia Mzee Brashi mlango wa maabara, nikamwekea picha mbele. Bilauri za chumba cha mahojiano ziko kabatini, sikuhitaji hata kuzinyooshea kidole. Alizitazama yeye mwenyewe.

"Mlimpa maji," nikasema.

"Mtu akipigwa hupata kiu."

Hakukana! Ningependa angekana. Akavua miwani, akasugua macho. Macho yake yamechoka, ndiyo maana hakuuona ule mdomo.

"Mwanangu. Alama ni yake au si yake?"

"Ni yake."

"Basi. Ulichoulizwa ni hicho."

"Haikutoka dukani, Mzee. Imetoka kwenye bilauri."

"Yeye alikuwa dukani. Mimi nimemrudisha pale alipokuwa." Akakata picha kwa mkasi, akabakiza mistari ya kidole tu. Picha ndogo, nzuri. "Mahakamani utakwenda na hii. Kilichobaki choma."

Nikamuuliza hii ni mara ya ngapi. Akasema hajawahi kumweka ndani mtu mwema.

Nilitaka kumpiga. Mimi, ambaye sijawahi kumpiga hata paka. Nilimwona ameanguka, miwani imepasuka, na mimi nimesimama juu yake — niliona kabisa. Kisha nikafungua mlango akatoka, akaniambia nisisahau kula.

Kilichobaki sijakichoma. Na picha nzima ilikuwa bado kwenye mashine. Nimechapa nyingine.

Jumatatu, 8 Julai

Kesho natoa ushahidi. Mama ananipigia pasi koti. Nimemwomba aache, nitalivaa hivyo hivyo. Akasema, wasomi na vituko vyenu.

Jumanne, 9 Julai

Mahakamani, kwenye benchi la ukumbini. Jaji ameahirisha kidogo.

Asubuhi nilisimama kwenye kizimba cha mashahidi. Mwendesha mashtaka akauliza, alama ni ya nani? Nikasema ya mshtakiwa. Nikasema kwa sauti, na ni kweli. Mshtakiwa alinitazama muda wote. Alikuwa ametulia, akainua kidole cha kati, taratibu, akakiweka mdomoni, kama mtoto anayefikiri. Wakili wake aliuliza maswali mawili ya usingizi akakaa.

Nikajua nimepona. Ndipo jaji mwenyewe akaniinamia: shahidi, picha hii imekatwa. Unayo nzima?

Nikasema ipo kwenye mkoba, nje. Akaniruhusu niifuate.

Mzee Brashi yuko upande wa pili wa ukumbi. Hajanisogelea. Mikono yake iko magotini, haina pa kujiweka.

Mdogo wa marehemu amekaa kando yangu. Plasta imetolewa, mkono umeunga vibaya, umepinda kidogo kwenye kifundo. Amekuja na gauni aliloshona mwenyewe kwa cherehani ya dada yake. Kola imekaa upande. Anasema anajifunza. Anasema tangu mume awekwe ndani amelala kama mtoto.

Nina picha mbili mapajani: nakala ya ile iliyokatwa, na nzima. Ningeweza kusema nzima imepotea. Mashine huharibika, karatasi hupotea, kila siku.

Karani ametoka mlangoni, anatafuta jina langu kwenye karatasi.

Nimenyanyua moja. Mdogo wa marehemu ameinama kuitazama, amesogeza kidole mpaka kwenye ile mikunjo midogo ya mdomo, juu.

"Dada, na hii nayo ndiyo inayomfunga?"

Karani anaita —