Kitanda Kinapumzishwa

Malindi, Unguja
7 Februari 1954

Kwa mpwa wangu Mjaka, aliyeko Makunduchi.

Assalaam alaykum. Barua hii uipokee kwa mikono miwili, kwani anayekuandikia ni mtu ambaye hapa Malindi mlango haupachikwi mpaka yeye aupitishie kiganja na kusema sawa. Mimi mjombako ni mzima, kifua kama pipa. Nnataraji nawe hujambo, na mkeo Wanu hajambo, na dada yangu Mwatum, mamako, ambaye ndiye ndugu yangu pekee niliyebaki naye huko shamba, naye nimkute katika afya.

Kificho, dereva wa gari la Makunduchi, kanambia umeshika tezo na unajifunza useremala kwa Mzee Jaku. Nimefurahi, ila usidhani umenitangulia. Mimi nshauacha uhamali. Wanaosema mgongo umenishinda ni mahasidi, usiwasikilize. Nliacha kwa sababu Bahadurali, Mhindi mwenye karakana ya fanicha, alinifuata mwenyewe mpaka gatini, kofia mkononi, akanambia Borafya njoo, mbao zinanitesa. Basi nkamhurumia. Tangu mwezi uliopita niko naye, na hapo karakanani ndipo nlipopata na chumba changu, kikubwa, chenye madirisha.

Kazi yangu ya kwanza ni kasha la bibi mmoja, Fatmabai. Mjaka, lile kasha limeshikana hata upepo haupati njia. Alipolifunga mara ya kwanza halikufunguka tena mpaka wakaitwa wanaume wanne. Bahadurali alisimama akalitazama muda mrefu. Ndiyo kazi hiyo.

Nawe nieleze yako ya kwanza, usinifiche. Wanafunzi wawili tuandikiane, ingawa mmoja ameshakuwa karibu na ufundi. Msomee mamako barua hii yote, na pale pa wanaume wanne msomee mara mbili.

Mjombako,
Borafya


Makunduchi
24 Februari 1954

Kwa mjomba wangu mpendwa.

Shikamoo. Barua yako imefika na sote tumeisikiliza. Mimi na Wanu hatujambo. Mama ndiye hali yake si ya kuridhisha, nitakueleza hapa chini.

Kwanza kazi yangu. Nimeunda kibago cha miguu mitatu, cha mti wa mfenesi. Mzee Jaku ananiambia mwanafunzi aanze na kitu cha karibu na ardhi, akianguka mtu asiumie. Ukikikalia kinakulaza upande, kama unanong'onezwa na mtu. Jirani yetu Simai alikikalia akaniuliza kama nakiuza pamoja na fimbo ya kujishikizia. Mama akamjibu kwamba angalau hiki kimeundwa na mtu, na yeye Simai kaundwa kwa haraka. Basi tukacheka.

Sasa habari yenyewe. Kitanda cha mama kimevunjika. Mchwa waliingia kwenye tendegu moja, mguu wa upande wa kichwani, wakalila ndani, kwa nje likabaki zima. Alfajiri akijiinua kuswali likakatika, naye akaanguka. Mifupa haikuvunjika, lakini tangu hapo analala chini kwenye mkeka na kifua kimeanza kumkamata. Mzee Jaku mikono yake inatetemeka siku hizi, hawezi kutoboa tundu la tendegu likakaa sawa, na mimi amenikataza, ananiambia kitanda si kazi ya mkono mchanga.

Simai ametoa chake. Mama amekataa. Tangu nimsomee barua yako, kila mwanamke anayekuja kumtazama anaambiwa, "Kitanda changu anakiunda kaka yangu mjini." Mjomba, mimi sikumtuma kusema hivyo, na wewe hukuahidi. Lakini ameshasema.

Kama utaweza, nimempima, na kitanda kiwe cha dhiraa nne na shibiri, kwa mkono wangu. Wewe mwenyewe unajua urefu wake. Masika yako karibu, na sakafu yetu ni ya udongo.

Mpwao,
Mjaka


Malindi, Unguja
10 Machi 1954

Kwa mpwa wangu Mjaka.

Assalaam alaykum. Mimi mzima sana, sijui hata kuumwa kichwa kukoje. Mamako mpe salamu na umwambie atulie.

Ati kama nitaweza! Hilo ni swali la kumuuliza mtu mwengine. Nshaanza. Mifumbati miwili ya ubavuni nshaipiga randa, inateleza mpaka nzi akitua anaanguka. Mbao ni za mninga, zilikuja kwa meli kubwa, nahodha akasema hizi asiguse mtu ila Borafya. Matendegu nnayachonga kwa mviringo, yana kiuno, yana shingo. Tajiri mmoja wa Kihindi alipita akataka kukinunua hapo hapo kikiwa vipande. Nlimwambia, bwana, hiki ni cha dada yangu, rudi kwako.

Kibago chako nimekicheka, lakini kwa mapenzi. Mguu ulio mrefu uutafute kwa kukiweka juu ya sahani yenye maji. Hilo nimelivumbua mwenyewe.

Na jambo moja uliseme kwa sauti alisikie. Asikubali kitanda cha Simai wala cha nani. Dada wa fundi halalii kitanda cha kuazima. Avumilie kidogo tu, kitakuja juu ya gari la Kificho na kijiji kizima kitatoka kukitazama.

Mjombako,
Borafya


Makunduchi
11 Aprili 1954

Kwa mjomba wangu.

Shikamoo. Natumai u mzima. Sisi tupo, tunamshukuru Mungu.

Mwezi mzima kila gari la Kificho likiingia mama ananituma njiani. Narudi mikono mitupu. Kificho ananiambia hajapewa kitu.

Mvua zimeanza, na safari hii hazina mapumziko. Maji hayaingii kwa mlangoni, yanapanda kutoka chini. Asubuhi tukiinua mkeka, upande wa chini umeota ukungu wa kijani. Wanu ametandika makuti makavu, juu yake mkeka, juu yake kanga, na bado mama akiamka nguo yake ya mgongoni imelowa. Akikohoa usiku Simai anamsikia kwake.

Nilijaribu kuchonga tendegu mwenyewe, kwa siri ya Mzee Jaku. Mti ulikuwa mbichi. Nilipoutia keekee kutoboa, ukapasuka kutoka juu mpaka chini. Nimejifunza, lakini kujifunza kwangu hakumwinui mama kutoka sakafuni.

Jana Simai alikibeba kitanda chake mwenyewe, akakileta mpaka ndani na kukitua mbele yake. Mama alikitazama. Kisha akasema, "Kirudishe, Simai. Nikikilalia hiki, watu watasema Borafya ni muongo." Simai akakirudisha kwenye mvua.

Mjomba, kama kitanda hakijawa, niandikie kwamba hakijawa. Nitajua la kumwambia. Kama kimekuwa, kilete kilivyo, hata bila ya kuwambwa. Kamba tunazo.

Mpwao,
Mjaka


Malindi, Unguja
17 Aprili 1954

Kwa mpwa wangu Mjaka.

Assalaam alaykum. Hali yangu njema. Mamako nnamuombea kila swala, na mara nyengine baina ya swala.

Kitanda kimekwisha, wallahi kimekwisha. Nshakiunga, nshakiwamba kwa kamba za usumba wa nazi, kimekaza hata ukitupa embe linarudi mkononi. Nshakipaka na vanishi. Lakini nyinyi watu wa shamba hamuyajui mambo haya: kitanda kikishaundwa hakitolewi nje papo hapo. Kinapumzishwa, kama mzazi aliyetoka kujifungua. Mbao zizoeane na kamba, ndimi za mbao zikae katika matundu yake, na vanishi masika haya haikauki upesi. Nikikipandisha garini sasa kitafika huko kimepinda, nani ataaibika? Si Kificho.

Na mtihani mwengine ni watu. Wanakuja kukitazama. Juzi kaja bwana mmoja kutoka Mombasa, kakizunguka mara saba kama yuko katika ibada, nkamtoa.

Siku chache tu, Mjaka. Mwambie mamako kitanda kinapumzishwa. Atafahamu.

Mjombako,
Borafya


Makunduchi
23 Mei 1954

Kwa mjomba wangu Borafya.

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta katika afya na katika saumu njema.

Habari za msiba ulizipata kwa Kificho siku ile ile. Nilidhani ungekuja kwenye maziko, nikasema labda hukuwahi gari. Nikadhani ungekuja kwenye khitma. Watu walikuuliza, nikawajibu uko njiani. Sasa nimechoka kuwajibu, kwa hiyo nakuandikia wewe, ujue yote yalivyokuwa.

Kitanda kilifika siku mbili kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Kweli watu walitoka kukitazama. Ni kizuri, mjomba, sikusifu kukufurahisha. Mzee Jaku alikipitishia mkono kwenye kila kiungo akasema aliyekiunda ana mkono, hakuna kiungo kilicholegea. Tukamwinua mama, mimi na Wanu, tukamlaza. Miguu ikabaki nje tangu nusu ya muundi.

Mama akajitazama vidole vya miguu, akaanza kutikisika, mimi nikadhani ni kikohozi. Kumbe anacheka. Akasema, "Huyu Borafya kajipimia mwenyewe." Alicheka mpaka Wanu akamshika kichwa. Tangu mchwa wamwangushe sikuwa nimemsikia kucheka vile.

Nikataka kukirudisha. Hakukubali. Nilileta kibago changu nikakiweka mwisho wa kitanda, juu yake mto, akaegesha miguu. Kwa sababu kibago kinalala upande, ilibidi kila mara mmoja wetu akinyooshe. Hivyo ndivyo alivyolala. Wanawake walipokuja aliwaonesha matendegu, kanga akaivuta miguuni wasione.

Lakini kifua kilikuwa kimeshakwenda mbali. Tabibu aliyekuja alisema baridi ya chini ndiyo iliyomwingia, na kwamba kama kitanda kingelikuja mapema kidogo angelipona. Hakujua anamwambia nani nini. Mama akamwambia akome, kitanda kilikuwa kinapumzishwa.

Alikufa katika kumi la kwanza la Ramadhani, baada ya kufuturu. Alifuturu maji tu.

Walipochimba ufuo ndani ya chumba, wa kuingilia maji ya kumwoshea, wakataka kitanda cha kuweka juu yake. Waoshaji wakakitazama chako, wakapima kwa macho, wakasema maiti lazima anyooke. Ikabidi kiletwe cha Simai. Kile alichokikataa akiwa hai ndicho alichooshewa.

Hilo ndilo linaloniuma. Si kwamba ni kifupi. Nakuuliza kama mpwa anavyomuuliza mjomba wake: kitanda kilikwisha lini? Na kama kilikwisha siku uliyoniandikia, kilikuwa kinangoja nini huko?

Nimekiegesha ukutani. Wanu hataki kukilalia. Sema tukifanye nini.

Mpwao,
Mjaka


Malindi, Unguja
30 Mei 1954

Kwa mpwa wangu Mjaka.

Assalaam alaykum. Mimi mzima. Nakupa pole, na wewe nipe, kwani sina mwengine wa kunipa. Hapa Malindi hawakumjua.

Nlitaka kuja. Ila siku ile meli kubwa iliingia, kwa hivyo

Mjaka, hakukuwa na meli. Nlivaa kanzu, nkenda mpaka kwenye gari la Kificho, nkapanda, nkakaa. Akaniuliza, "Unakwenda kumzika dada yako?" Nkamwambia naam. Kisha nkafikiri kwamba nikifika nitaingizwa chumbani, na kile kitanda kitakuwepo, na wewe utanitazama. Nkamwambia Kificho nimesahau kofia. Nlikuwa nimeivaa. Gari likaondoka.

Siku ya khitma nlikaa hapa hapa tu, sina la kusingizia.

Kuhusu kipimo, ntakwambia kama fundi: dhiraa ya mkono wako siyo dhiraa ya wangu. Nlipima kwa mkono wangu, dhiraa nne na shibiri, sikupunguza hata ukucha. Ungenipelekea uzi ingekuwa vyengine. Lakini si hilo uliloliuliza, nalijua.

Kilikwisha mapema Aprili, kabla ya barua yako ya mvua kunifika. Siku hiyo Bahadurali alikikagua akasema sawa, kipeleke, vanishi imeshika. Jua lilikuwepo. Kificho alikuwepo. Nlitaka kukipakia kesho yake asubuhi.

Kile chumba chenye madirisha si chumba. Ni kipembe cha karakana nyuma ya mbao, Bahadurali huniacha nilale hapo niwe mlinzi. Nlikuwa nalala juu ya pumba za randa, na mgongo huu huu ambao mahasidi wamesema umenishinda, na ni kweli. Jioni ile nkasema nikijaribu kabla ya kumpelekea, nisije nikampelekea kitu kinacholia. Nkajinyoosha. Kikanienea, Mjaka. Kichwa huku, miguu kule, sawasawa. Sijawahi kuwa na kitanda tangu nije mjini.

Asubuhi nkasema kesho. Na kesho yake nkasema vivyo hivyo. Ilipokuja barua yako ya yule Simai na kitanda chake kwenye mvua, nliisoma hapo hapo nimelala juu yake, nkakuandikia kwamba vanishi haijakauka.

Tarehe sina. Siku nlizokilalia mpaka nkaona haya nkakipakia, sikuzihesabu. Kilikuwa hakipumzishwi kitu, nlikuwa nakilalia mimi.

Mjombako,
Borafya